Kazi ya Maomao

Mlango ulipogongwa, Mzee Baoshan alikuwa ameshafika ukurasa wa nne. Alizikunja karatasi zote, akazisukumia ndani ya pipa la mchele, akafuta wino kidoleni kwa mate, ndipo akafungua huku akijifanya ametoka usingizini.

Alikuwa Bibi Tao wa mlango wa pili, amepaka rangi ya mdomo.

"Wamenikamata," alisema, akaingia bila kukaribishwa.

Mtaa mzima ulijua maana ya kukamatwa. Muhula huu shule ilikuwa imetangaza kwamba kazi ya mtoto itafanywa na mtoto, na mtu mzima atakayebainika kumfanyia ataitwa jukwaani, mbele ya watu wote, aonyeshe alivyoifanya. Mababu na mabibi walitetemeka. Kwa miaka mingi ni wao waliokata sungura wa karatasi na kujenga madaraja ya vijiti vya kulia, wajukuu wakitazama katuni.

Bibi Tao aliponzwa na taa ya Sikukuu ya Mwezi. Mjukuu wake alipeleka taa yenye majoka tisa, na alipoulizwa gundi aliipaka wapi, akajibu kwamba wamuulize bibi, yeye alikuwa anaoga. Basi Jumatatu bibi mtu akasimamishwa mbele ya watoto mia sita, akawafundisha kukunja karatasi. Baada ya nusu saa uwanja ulijaa majoka yenye shingo za kombo, na watoto walimpigia makofi hadi akalia. Sasa hakosi Jumatatu hata moja. Wazee watatu wa jengo lao nao wameanza kutengeneza vitu vizuri kupita kiasi makusudi, ili wakamatwe. Mmoja alimpa mtoto wa darasa la kwanza meli yenye injini.

"Huyo Mwalimu Mkuu mpya ni moto wa kuotea mbali," alisema Bibi Tao.

Mzee Baoshan alichanua uso, kisha akakumbuka pipa la mchele.

"Na wako yuko darasa gani? Mbona hatumjui?"

"Yuko ghorofa ya nne."

"Aa, darasa la sita. Maskini, hao wana kazi nyingi."

"Nyingi mno," alisema Mzee Baoshan, na alisema kwa moyo wake wote.

Ni kweli hawakujua wake ni yupi. Mzee Baoshan alihamia mjini miezi miwili tu iliyopita, na Maomao, aliyetoka alfajiri na kurudi gizani, alimkataza kumsindikiza hadi getini, eti anaona haya mbele ya wenzake.

Bibi Tao alipoondoka, mzee alizifukua karatasi zake na kuzipuliza punje za mchele. Chumbani Maomao alikuwa amelala fofofo tangu walipomaliza chakula cha mchana, soksi miguuni, mdomo wazi. Ijumaa kazi hii ingesomwa ukumbini mbele ya wageni wa ofisi ya elimu. Ikiwapendeza, mambo yangekuwa shwari. Ikiwachukiza, Maomao angehamishwa shule ile, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuipenda.

Na mada yenyewe? Kwa nini kila mtu afanye kazi yake mwenyewe. Mzee Baoshan alipoisoma alicheka hadi meno ya bandia yakamtoka. Maomao hakucheka. Aliandika sentensi mbili, akazifuta zote mbili, akaanza kulia juu ya bakuli la tambi.

Hapo mzee hakuweza kuvumilia, kwani hakuwahi kuweza. Alifundisha insha miaka thelathini na nane, na tangu Maomao aanze shule ni yeye aliyemchorea panda, aliyemuundia tiara, aliyemwandikia hata kumbukumbu za likizo pamoja na matembezi ambayo hayakufanyika. Marehemu mke wake alisema hadi akachoka kwamba anamlemaza mtoto. Lakini mawazo yalikuwa ya Maomao, jamani. Mezani aliyamwaga yote, akitikisa vijiti hewani; kwenye karatasi tu ndiko yalikogoma. Mzee aliyaandika kama alivyoyasikia. Kisha utamu ukamkolea, na ukurasa wa saba akautunga mwenyewe.

Ijumaa alijibanza nyuma kabisa ya ukumbi, kando ya Bibi Tao. Darasa la tatu waliimba. Darasa la tano walipiga ngoma. Kisha ikawa zamu ya Maomao, akasoma vizuri, sauti imetulia, na mzee akawa anatamka kila neno kimoyomoyo pamoja naye. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja, aliyekuwa na nakala ya kazi hiyo mkononi, akainua kalamu.

"Ukurasa wa saba hukuusoma. Umeandika kwamba kila Alhamisi watu wazima wakalie mikono yao kwa nusu saa. Kwa nini waikalie?"

Maomao alifunua karatasi, akafunua tena, masikio yakaanza kuwa mekundu. Huko nyuma Mzee Baoshan aliikalia mikono yake mwenyewe. Alihesabu moja, mbili, tatu. Alipofika tano alikuwa amesimama.

"Kwa sababu mikono ndiyo isiyokuwa na subira," alisema kwa sauti ya darasani. "Moyo unataka mtoto ajaribu, mikono inamnyang'anya mkasi."

Akaendelea dakika nne nzima, akionyesha kwa vitendo, mabibi wakicheka hadi kufuta machozi, wageni wakiandika mbio mbio. Ndipo akagundua kwamba ukumbi wote umemgeukia.

Bibi Tao alimvuta shati. "Baoshan," alinong'ona, akiwa na furaha isiyo kifani, "umekamatwa."

Jukwaani, Maomao, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akakivuta kipaza sauti karibu.

"Sheria niliitunga mimi mwenyewe, baba," alisema. "Panda huku, uwaonyeshe walimu wangu ulivyoifanya."