Furu wa Maziwa Matatu

Fundi alikuwa amezamisha mkono hadi kiwikoni ndani ya tangi la samaki, akihamisha mawe, sufuria ilipoanguka jikoni kwa kishindo. Mama yake akasema neno moja. Mkewe akajibu matatu. Walikuwa wanabishana nani apike maharage ambayo Fundi angeyakosoa.

Tangi lilikuwa na furu kutoka maziwa matatu, samaki wadogo wa rangi ambao, wakichanganywa ovyo, hutafunana mapezi kabla ya adhuhuri. Kwa Fundi waliishi raha mustarehe. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, kwa sababu alilisema kila siku mezani, wenzake wakijaribu kula.

"Furu hagombani bure," aliwaambia mchana huo. "Anagombania pango lake. Ukihamisha mawe, wote wanakuwa wageni, ugomvi unakwisha. Hii chumvi mbona haipo?"

Mkewe akamsogezea chumvi.

"Na mbabe asiyesikia?" mama yake akauliza.

"Huyo namtoa. Namweka kwenye ndoo wiki mbili. Akirudi anakuta wenzake wameshagawana tangi, anaingia na adabu zake."

"Haumii humo ndooni?" mkewe akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza habari za samaki, na Fundi alifurahi mno.

"Aumie nini? Anakosa wa kumsumbua tu."

Mama yake alikuwa amehamia kwao miezi minne iliyopita, alipostaafu ukunga, na tangu hapo wanawake hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mkewe alishamwambia Fundi waziwazi: "Nyumba hii haikaliki. Mmoja lazima atoke." Wiki hiyohiyo mama yake akamwambia maneno yaleyale, hakupunguza hata moja. Fundi, kwa akili zake nyingi, akaelewa palepale kila mmoja alimsema nani. Akaogopa. Tumcheke kwa mengine, lakini aliwapenda wote wawili, na wazo la kumpoteza yeyote lilimnyima raha.

Basi akatumia utaalamu. Jumamosi alihamisha kabati la jikoni, jiko na rafu ya vyombo, bila kumwambia mtu. Wanawake wakashinda siku nzima wakitafuta mwiko. Walitafuta pamoja, na Fundi akajipongeza. Alisogeza kila kitu isipokuwa kiti chake cha dirishani, kwa kuwa mtaalamu naye lazima akae mahali.

Siku chache baadaye, akipanda ngazi kutoka kazini, alisikia vicheko nyuma ya mlango wake. Alipofungua, mama yake alikuwa anachambua mchele na mkewe anapiga pasi, kimya kabisa. Fundi akawaambia wapunguze redio. Redio ilikuwa imezimwa.

Wiki iliyofuata bosi wake, ambaye ni mjomba wa mkewe, akamtuma mji wa mbali kutengeneza vyumba vya baridi kwenye ghala la mboga. Kazi nzito, mjomba alisema, hakuna mwingine wa kuiweza. Kichwa kikamvimba. Aliacha maagizo kwenye mlango wa jokofu, kurasa mbili, pamoja na unene wa uji.

Ghalani alikuta fyuzi moja imeungua. Aliibadilisha kwa dakika kumi. Mjomba akamwambia kwa simu akague tena. Akakagua. Akaambiwa akague tena. Siku kumi na nne zikapita hivyo, Fundi akiwa peke yake na mitambo mizima, hana hata wa kumfundisha kukunja taulo. Aliwakumbuka mama yake na mkewe hadi machozi yakamlengalenga.

Aliporudi, mkewe alimfungulia mlango akitabasamu. Samaki walikuwa wazima. Viti vyote vilikuwa vimehamishwa. Kwenye kile cha dirishani alikuwa ameketi mama yake, miguu juu ya stuli, akila maharage kutoka bakuli lenye vijiko viwili.

"Nani kahamisha..." Fundi alianza. Wote wawili walikuwa wanamtazama kwa makini sana.

"Kaa hapo karibu na mlango, mwanangu," mama yake akasema. "Mkeo ana huruma. Mimi nilimwomba mjomba wake akuweke huko mwezi mzima."