Shahidi wa Zebedayo

Furushi la Marta lilikuwa tayari mlangoni kabla kikao cha ukoo hakijaanza. Zebedayo, mumewe, alilifunga mwenyewe, maana hakupenda kuwachosha wazee.

Kosa la Marta lilijulikana Busale nzima: mabinti wanne, mvulana hakuna. Na tangu wanunuzi binafsi wa kakao waingie, Zebedayo alikuwa na baiskeli mpya, redio, na mchumba huko mjini Kasumulu.

"Siku hizi ni soko huria," aliwaambia wazee. "Tena sisemi kwa hasira. Nasema kwa sayansi."

Sayansi hiyo aliipata juzi kwenye masomo ya jioni, alikofika somo likiwa katikati, kama kawaida yake. Leo alimleta Mwalimu Eliya awe shahidi.

"Mwalimu, ulisema anayeamua mtoto awe wa kike au wa kiume ni mama?"

"Nilisema. Lakini..."

"Jibu swali tu. Ulisema hapo zamani kromosomu mbili za jinsia zilikuwa sawa kama mapacha, kisha moja ikachakaa, ikapoteza vipande kizazi hadi kizazi?"

"Ndiyo."

"Na hiyo iliyochakaa anayo nani?"

"Mama. Akiitoa hiyo, anazaliwa jike. Ila Zebedayo, siku ile ulichelewa..."

"Nilichelewa, na bado nilielewa kuliko waliowahi."

Marta, mmoja wa waliowahi, alimtazama mwalimu.

Wazee walimgeukia, wakamkagua kama wanaotafuta mahali palipochakaa. Mzee Andongwisye, mwenyekiti, ambaye hakuwahi kulisikia neno kromosomu, alisema yeye alilihisi siku zote.

"Ndaga, mwalimu," alishukuru. "Wenye elimu mnatupunguzia kazi. Marta mwanangu, utarudi kwa baba yako."

Marta hakulia. Aliomba jambo moja tu: kikao kifungwe kwa sala, na aombe mwalimu. Zebedayo alivua kofia kwa furaha. Wazee waliinamisha vichwa. Katika ukoo ule, mtu akiomba hakatizwi.

Mwalimu Eliya alifumba macho.

"Bwana, asante kwa somo la juzi, la nyoka na mijusi. Utufikishe salama kwenye somo la kesho, la binadamu, ambao kwao ulipenda baba ndiye aamue. Amina."

"Amina," aliitikia Marta, akaanza kufungua furushi.