Maoni ya Kwale

Jumatano, saa tatu kamili asubuhi, Nguchiro alianza kupokea maoni ya sera ya maendeleo ya ndege vijana. Kwale, aliyekuwa ametaga mayai yake ya kwanza, alifika kabla ya wote.

"Karibu, binti. Vijana mna shida gani?"

"Viota vyetu haviko salama, mheshimiwa."

"Fafanua."

Kwale hakupenda kusema jambo nusunusu. "Changu kiko kwenye nyasi, nyuma ya kichuguu chekundu. Jioni nikienda kunywa maji, mayai hubaki peke yake. Tunaomba mlinzi wa saa hiyo."

Kunguru alicheka juu ya mti. "Dada, unamsimulia nani hayo yote? Mimi nitasema vijana tunataka maendeleo, basi, nimemaliza."

"Ndiyo maana hatusikilizwi," Kwale alimjibu. "Tunasema juujuu."

"Maoni mazuri sana," alisema Nguchiro. "Tutayafanyia kazi leo leo."

Jioni Kwale alirudi kutoka mtoni akakuta maganda matupu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa tena wa kwanza kwenye foleni. Kwenye sharubu za Nguchiro kulikuwa na kiini cha yai kilichokauka. Kwale alikiona, lakini hapakuwa na mwingine aliyepokea maoni.

"Mheshimiwa," alisema, "mlinzi hakufika."

"Pole sana, binti. Safari hii utataga wapi?"

Kwale akaanza kumweleza, polepole, bila kuacha kitu.