Sanduku Jipya la Umeme la Anarkan

Kwa mara ya tatu tangu asubuhi, fundi Mederbek alifungua skrubu alizokuwa amezikaza kwa mkono wake mwenyewe.

"Ama!" Anarkan alisema, mikono kiunoni. "Unafunga, unafungua. Wewe ni fundi umeme au unakamua ng'ombe?"

"Leseni, mama. Mwenye leseni hafanyi kazi ya kubahatisha."

Leseni yenyewe ilining'inia shingoni, ina picha na muhuri wa wilaya. Anarkan ndiye aliyeitaka. Mwanawe Kubat, mwaka wa tano sasa kwenye ujenzi huko Moscow, alimwambia kwa simu kwamba safari hii asimruhusu mtu kugusa umeme ila mwenye karatasi. Anarudi Ijumaa na mashine ya kuranda mbao, anafungua karakana uani, na Urusi hakanyagi tena. Mashine kama hiyo haiwezi kulishwa na fyuzi za kauri zilizowekwa enzi za babu yake.

Fyuzi zile! Tabibu wake alikuwa jirani, Satar. Moja ikiungua, anaizungushia waya wa uzio na kutangaza kwamba imepona. Anarkan akiwasha jiko, taa zinamkonyeza. Mbuzi wake aliwahi kuegemea ukuta wa nje jioni ya mvua, akakamuliwa maziwa ya moto, na wapo walioyanywa ambao wako hai hadi leo.

Sasa ukutani palikuwa na sanduku jipya, jeupe kama jino la mtoto, swichi kumi na mbili, na waya mnene kutoka nguzoni. Ila nyumba nzima ilikuwa kimya. Umeme ulikuwa umekatwa tangu alfajiri.

"Saa saba Kubat atapiga," Anarkan alisema. "Hakosi hata siku moja. Na simu umeniulia wewe."

Ni kweli. Fundi alimtaka amulikie ndani ya sanduku kwa tochi ya simu, ingawa jua lilikuwa limejaa ukumbini na yeye mwenyewe alikuwa amevaa tochi kichwani. Mama wa watu akamulika, akamulika, mpaka simu ikamzimikia mkononi.

"Basi niende kwa Satar nikaichaji."

"Haiwezekani. Sanduku likiwa wazi, mwenye nyumba hatoki. Ndiyo sheria."

"Sheria ya nani?"

Mederbek akaitazama leseni yake kana kwamba imeandikwa pale. "Ya wilaya."

"Asiponipata atadhani nimekufa! Ana moyo mwepesi yule, tangu utotoni."

Bisibisi ikamponyoka fundi. Aliitafuta muda mrefu mno kwa mtu ambaye bisibisi iko miguuni pake.

Harufu ya mafuta ya moto ikaingia dirishani. Anarkan akachungulia. Uani kwa Satar wanawake walikuwa wakikaanga maandazi ya boorsok, na wanaume wakishusha kutoka kwenye lori miti na mablanketi ya hema la sufu.

"Watazame hao! Leo Jumanne, mgeni wangu ni wa Ijumaa, nao wameshaanza kukaanga! Hata kuniuliza hawakuniuliza. Ndivyo lilivyo bonde letu, mwenye jambo ndiye wa mwisho kuambiwa. Hata mimi kuolewa, walikuja wazee saba kunieleza. Shangazi zangu walikuwa wameshamaliza kushona mito." Akapaza sauti. "Wee Shaarkan! Machozi yote hayo, umekata vitunguu vingapi?"

Mke wa Satar akavuta kitambaa usoni, akageuka upande wa pili.

"Amenuna," Anarkan alisema. "Satar naye alikuita getini asubuhi, mkanong'ona weee. Alitaka umfanyie na yeye kwa bei ya chini, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Bahili yule."

Akammiminia chai iliyopoa, akamkatia mkate. "Kula. Fundi asiposhiba, umeme hauji." Mederbek akatafuna tonge moja, mkate uliobaki akauweka kando ya bisibisi.

"Una mama, wewe?"

"Ninaye."

"Mpigie kila siku. Nyie watoto hamjui saa ya mtu kupiga ikipita inavyouma."

Saa saba ikapita. Ikapita saba na nusu. Anarkan akakaa kwenye kigoda na simu mapajani. Utani ukamwishia.

"Mwanangu, nakuomba. Washa hata swichi moja. Nimsikie tu sauti, halafu uzime, ukaze skrubu zako mpaka Ijumaa."

"Bado kidogo, mama." Alisema hivyo akiwa amempa mgongo.

Lango likalia. Waliingia wazee saba, kofia nyeupe za sufu kichwani, polepole, wameshikana mikono. Hakuna aliyetoa salamu.

"Karibuni!" Anarkan akainuka akicheka. "Mmekuja kukagua? Huyu mwenye leseni amenishinda, bora Satar na waya zake za uzio!"

Mzee mkubwa kuliko wote akamshika mkono. "Anarkan, binti yangu. Mwenye farasi ametaka farasi wake tuliyeazimwa. Sisi tungemficha wapi?"

"Farasi gani? Mimi sina farasi." Akawatazama mmoja mmoja. "Kubat anakuja Ijumaa."

"Anakuja kesho," mzee alisema. "Tutamlaza kando ya kaburi la baba yake."

Walimdaka kabla hajafika chini. Nyuma yao Mederbek akainua swichi kuu kwa kidole kimoja, na taa zikawaka nyumba nzima, mchana kweupe.

Kazi ile alikuwa ameimaliza tangu saa tatu asubuhi, kabla Satar hajamwita getini.