Mkanda Haumo kwenye Waranti

Mkanda wa taimingi ulikatika gari likiwa kwenye mwendo, na injini ikafa papo hapo. Gari lilifika karakana ya kampuni likivutwa kwa kamba. Aliyelileta aliingia ofisini akiwa ameshakasirika tayari.

Alikibwaga kitabu cha waranti juu ya kaunta.

"Miaka mitano," alisema. "Hili halijamaliza hata minne. Nataka injini nyingine, na naitaka leo. Kesho kuna mtu analichukua, ameshatoa neno lake. Likilala hapa, biashara yangu imekufa."

Mama wa mapokezi alikivuta kitabu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umefungwa plasta ngumu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alifungua ukurasa wa kwanza, akausoma, akaurudia.

"Jina hili ni la mwanamke."

"La mke wangu. Kwani mke wangu haruhusiwi kuwa na gari?"

"Anaruhusiwa. Mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani, anapika. Mama, usinipotezee muda."

Mama alikuwa ameshika kalamu kuandika; ilisimama. Alimtazama yule bwana kuanzia kofia hadi viatu. Bwana hakumtazama, alikuwa anabonyeza simu.

Mama aligeukia dirisha la karakana. "Fundi! Kaliangalie lile jeupe lililovutwa. Soma na namba ya chasi. Halafu mwambie mlinzi afunge geti, vumbi linaingia."

Nje hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha unyoya.

"Haya, tuanze mwanzo," mama alisema. "Waranti inalipia kosa la kiwandani. Chuma kikitoka huko kina ufa, huo ufa ni wetu. Kitu kinachoisha kwa kutumika ni cha mwenye gari. Oili, chujio, pedi za breki, plagi..."

"Nani kakuuliza habari za oili?"

"Mkanda uko kundi moja na oili. Una umri wake. Ukifika, mwenye gari anabadilisha kwa pesa zake. Asipobadilisha ukakatika, pistoni zinagonga vali, na hayo yote hatulipi."

"Wezi nyie!" Bwana alipiga kaunta kwa kiganja. "Wakati wa kuuza mna maneno matamu. Likiharibika, kila mmoja wenu mwanasheria."

"Taratibu. Kaunta nayo haina waranti."

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akisubiri gari lake aliangua kicheko. Bwana akamgeukia.

"Unacheka nini, babu?"

"Nacheka kwa meno yangu, kijana. Sijaazima ya mtu."

Bwana alirudi kwa mama. "Mkono mmoja tu, na bado mzito hivyo. Ungekuwa nayo miwili, si ungeleta na mto kabisa ulale hapa?"

Mama alikisogeza kitabu karibu. Alilowesha kidole kwa ulimi, akafunua ukurasa, akaanza kusoma masharti ya matengenezo ya kawaida. Alisoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama mtu anayesomea watoto. Alipofika mwisho alirudi juu, akasema kuna mstari ameuruka.

"Unanifanyia kusudi," bwana alisema kwa meno yaliyobanwa.

"Nakusomea haki yako. Na mwenye gari alijua mkanda umepitiliza. Aliambiwa hapa hapa. Akasema mwezi ujao. Kila mwezi ukawa na mwezi wake ujao."

"Huyo mwanamke!" Bwana alikirukia kisingizio kama paka aliyeona samaki. "Nilimwambia, peleka gari, peleka gari. Kichwa chake jiwe. Leo nikifika nyumbani atanitambua."

"Kichwa chake jiwe," mama alirudia polepole. "Hapo umesema kweli."

Fundi aliingia akijifuta mikono kwa kitambaa. Hakumtazama bwana hata kidogo.

"Ndilo lenyewe, mama. Wamebadilisha vibao vya namba tu."

Alikuwa ameinama kwenye sikio la mama, na bwana alisikia maneno mawili ya mwanzo peke yake.

"Ndilo nini? Mnanong'ona nini nyie?"

"Ndilo lililokatika mkanda," mama alisema. "Umewapigia, fundi?"

"Wako njiani."

"Nani wako njiani?"

"Wakubwa. Mimi sina uwezo wa kukupa unachostahili. Wao wanao."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo!" Bwana alivuta kiti, akaketi, akakunja nne. "Waje. Na wakija, wewe na mdomo wako mtatafuta kazi nyingine."

Wakubwa walikuja wawili, wamevaa sare na viatu vizito. Mmoja alibaki mlangoni.

"Nani kaleta gari jeupe?" aliuliza wa pili.

Bwana aliinuka nusu, akabaki amepinda hivyo hivyo. "La mke wangu, afande. Jina lake limo humo."

Mama alitoa kitambulisho chake kwenye pochi, akakilaza juu ya ukurasa wa kwanza wa kitabu. Askari alisoma huku, akasoma kule. Jina lilikuwa moja.

"Mke mwenyewe ndiye mimi," mama alisema. "Tumeonana mara moja tu, barabarani. Alinivunja mkono, akaondoka na gari langu."

Pingu zilipokwisha kulia na injini kufunguliwa, mama alimgeukia fundi.

"Nihesabie."

"Vali kumi na sita, zote zimepinda. Pistoni mbili zimetoboka."

"Na waranti inalipa nini?"

"Si umeisoma mwenyewe, mama? Hata nati moja hailipi."