Radhi ya Mwalimu Cornelius

Kitendawili. Mzigo huu msafiri hautui akifika, huutua kabla hajatoka nyumbani. Usikimbilie kujibu. Mfuate kwanza Bi Esha wa Waa, maana asubuhi moja jibu lilikuja likakaa jamvini kwake, naye hakulijua.

Aliyekaa jamvini alikuwa Mwalimu Cornelius wa chuo cha Kikristo, jirani yake wa ua kwa ua. Mtu wa bara, lakini adabu za pwani amezishika. Alianza na shikamoo, akauliza hali ya magoti, ndipo akasema:

"Bi Esha, Jumatatu ninaondoka na wanafunzi wangu wa kozi ya hija. Tunakwenda Yerusalemu. Nimekuja kukutaka radhi."

Hilo halikumshangaza. Hakuna mtu wa Waa aendaye Makka bila kupita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, na hao wa chuo waliipenda desturi hiyo, wakaitia katika masomo yao.

"Umenikosea nini, mwanangu?"

Mwalimu akautazama ua wa minyaa uliotenga shamba na chuo. Kisha akamtazama Twaiba, binti wa Bi Esha, aliyekuwa akikuna nazi mlangoni.

"Nisamehe tu, mama."

Akaaga, akaenda zake. Radhi hakupewa.

"Kwingine kote alitaja kosa," Twaiba akasema. "Kwa Mbarak, jembe alilolivunja mpini. Kwa mama Beryl, kuku aliyemgonga kwa pikipiki. Kwetu tu ndiyo siri."

"Kwetu si kuku. Hukuona macho yake yalikokwenda?"

"Kwenye ua."

"Haya. Na wiki ijayo wapimaji wa ardhi wanakuja. Watu hawa wanaitaka minazi yangu mitatu ya mpakani. Amekwisha kula njama, sasa ataka nimsamehe kabla sijajua."

"Mama, labda ni jambo dogo."

"Paka hamwombi panya radhi bure."

Minazi ile mitatu ndiyo iliyompa madafu mwaka huu, na tui, na makuti ya kuezekea jiko. Tangu hapo, akimwona mtu wa chuo ameshika karatasi, kwake ni hati ya shamba. Wanafunzi wakimpa shikamoo, marahaba yake ilipita katikati ya meno.

Jumamosi akatoka kuukagua ua. Minyaa ilikuwa imeshika vizuri, imemfika kiunoni.

"Usiisogelee sana," Twaiba akamwita. "Macho yasije yakavimba tena kwa utomvu wake kama vuli ile."

"Yale yalikuwa ya upepo," Bi Esha akasema, akarudi ndani.

Jumatatu asubuhi akajitanda leso yake mpya, akaenda chuoni. Basi lilikuwa langoni, wanafunzi wamevaa kofia pana, wanaimba. Mwalimu Cornelius alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi.

"Mwalimu, hupandi basi hili mpaka unijibu."

Nyimbo zikakatika. Mwalimu akashuka.

"Tusogee kando, mama yangu."

"Kando kuna nini? Wewe unawafundisha hawa kutaka radhi. Basi nao wasikie. Umenikosea nini mimi?"

"Mama, nakusihi, kando."

"Hapa hapa."

Mwalimu akaweka begi lake chini. Akamkaribia, akainama mpaka kofia yake ikakaribia kuigusa leso, akasema kwa sauti ya chini:

"Siku ile ya mvua ya vuli, ulipokuwa ukiing'oa minyaa na kuipanda hatua sita ndani ya kiwanja chetu, mimi nilikuwa dirishani. Nikafunga dirisha, mama, nikakuacha uubebe mzigo ule peke yako."