Wagoni ya Mwalimu

Fundi alilikata gari la kwanza nyuma kidogo ya milango ya mbele, akapuliza unga wa plastiki, akachukua la pili. Hilo nalo alilikata palepale, ila alichokitaka kwake ni nyuma. Vipande viwili akaviweka juu ya gazeti, vikatazamana. Vilivyobaki alivirudisha kwenye maboksi bila kuviangalia.

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo upande wa pili wa meza, akamuuliza kwa nini aharibu vigari viwili vizima apate kimoja. Akamjibu kwamba dukani hakipo. Mwalimu alikuwa na wagoni, gari lenye mgongo mrefu na mlango wa nyuma, na ya namna ile hakuna aliyeiuza kwenye boksi. Ndiyo maana alinunua vigari viwili vya kuunganisha, kimoja cha gari dogo, kingine cha gari la abiria.

"Na lazima ifanane?"

"Ifanane kabisa, mama. Kabla ya Jumatatu."

Mwalimu alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Miezi mitano nyuma alikuwa akiipeleka familia yake kwa bibi ya watoto, gari likamshinda kwenye mteremko. Yeye alikuwa mbele peke yake, akatoka na mkono uliovunjika. Mkewe na mabinti wawili walikuwa nyuma.

Tangu mazishi mwalimu hakumsemesha fundi hata neno. Wakikutana njiani huvuka barabara. Wawili hao walikuwa watu wa kuazimana ngazi na kusomeana magazeti barazani, kwa hiyo jambo hilo lilimuuma fundi kupita yote, kupita hata gereji yake kukaa na kufuli ambalo hakulinunua yeye. Sasa alitaka kitu kimoja tu: mwalimu alishike gari hili, aligeuze, aone kwamba mikono iliyolitengeneza haikufanya ovyo. Alijua ni tumaini jembamba, lakini hakuwa na jingine.

Kazi yenyewe ilikuwa na ubishi wake. Nyuma ilikuwa pana kuliko mbele kwa unene wa kucha, paa moja limeinama na jingine limenyooka. Fundi alilainisha plastiki kwa maji ya moto, akaibana kwa vibanio vya nguo, akaikazia kwa ndani kwa vijiti vya plastiki vilivyobaki kwenye maboksi. Hakuangalia picha yoyote. Gari lile alilijua kuliko mwenyewe aliyeliendesha.

Jumamosi akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa tai na makaratasi. Alikuta gari limeshaungana, limezungukwa kiunoni na mkanda wa puti nyeupe ya kuzibia maungio, mbele jekundu, nyuma kijivu. Alilipenda sana.

"Shemeji, hapohapo pametosha. Usipake rangi. Mtu akilitazama aone palipoungwa, hata akiwa mbali."

"Nimpe mwalimu kitu kama hiki mkononi?"

"Nakuomba. Hiyo ndiyo itakayokufaa Jumatatu."

Fundi akaitikia kwa shingo upande, akamsindikiza mpaka nje.

Jumapili asubuhi alikaa akiutazama mkanda ule. Miaka thelathini ya kunyoosha bodi za watu, na hakuna gari lililotoka mikononi mwake likiwa na kovu. Akajiambia atagusa paa tu. Akapiga msasa mkavu, akapiga msasa wa maji, akapitisha kidole, akapiga tena. Kufika kwenye milango hakujua amefikaje. Adhuhuri gari lilikuwa limesimama dirishani likikauka, buluu tupu, kana kwamba limetoka kiwandani vile.

Mkewe alipoliona aliketi.

"Ndilo," alisema. "Ndilo lenyewe. Nawaona wale watoto."

Akalia, na fundi akageukia dirishani, maana hata yeye aliwaona. Baadaye mkewe akauliza kaka yake atasema nini. Fundi akasema hajui. Alikuwa amechoka, na kwa muda mfupi, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alijihisi mtu. Kisha ukapita.

Jumatatu shemeji yake alilifungua boksi, akachungulia, akafumba macho. Alilifunika taratibu, akatangulia kuingia ukumbini.

Mwalimu alikuwa ameketi benchi la mbali, shati limekunjamana mgongoni, hakuna tena wa kulitazama kabla hajatoka nyumbani. Mzee mwenye miwani aliyekaa mbele alilipokea gari, akaligeuza chini juu, akaagiza apelekewe mwalimu. Mwalimu alilishika kwa mkono ule uliovunjika. Akapitisha dole gumba juu ya paa, akashuka milangoni, akarudi tena. Fundi aliinama mbele. Ndipo mwalimu akainua uso, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitano akamtazama machoni.

"Siku uliponunua gari lako kwa fundi huyu," mzee aliuliza, "uliona kwamba ni nusu mbili za magari mawili?"

"Hapana, mheshimiwa, mpaka lilipoachana vipande viwili mteremkoni. Hata hili, nimeshaambiwa, na bado sioni."

Hakimu akaandika, akaweka kalamu chini, akamwambia mshtakiwa asimame. Fundi akasimama.